Kwa nini stempu ya ushindi ya mwaka 1946 haina askari hata mmoja?

#1 Mtunza Bahasha

Wakuu, habari za jioni. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikikusanya stempu zinazowaenzi wanajeshi, walio kazini na waliostaafu, na kilichonianzisha ni bahasha moja iliyokuwa ndani ya kopo la biskuti la marehemu babu. Babu alipigana Burma akiwa na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, yaani Keya kama wazee wenyewe walivyotamka. Juu ya bahasha hiyo imebandikwa stempu ya senti 20, nyekundu inayoelekea chungwa, iliyotolewa na posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika tarehe 11 Novemba 1946 kuadhimisha ushindi wa Vita Kuu ya Pili. Ndugu yake ni ya senti 30, buluu, na zote mbili zina sura ya Mfalme George wa Sita pamoja na jengo la Bunge la London.

Babu hakuwahi kuliona jengo hilo. Alichokiona ni tope la bonde la Kabaw, ambalo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililipita katika mvua za mwaka 1944 hadi kuufikia mto Chindwin. Swali langu ni hili: stempu ilitolewa kwa ajili ya ushindi, ilitumika katika nchi zilizotoa askari hao, na ilibandikwa kwenye barua walizoandikiwa. Kwa nini basi hakuwekwa askari hata mmoja?

#2 Hesabu Kwanza

Jibu ni fupi, mkuu: gharama. Mchoro huo haukutengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Ulikuwa mchoro mmoja uliogawiwa makoloni zaidi ya arobaini, kila koloni likipata stempu mbili, na kilichobadilika kutoka koloni moja hadi jingine ni jina, thamani na rangi. Ukiweka askari wa Keya, wa Fiji atauliza yuko wapi wa kwake, na wa Jamaica vivyo hivyo. Bunge la London liliwafaa wote kwa sababu halikuwa la yeyote kati yao.

#3 Mzee wa Mhuri

Nimekaa nyuma ya kaunta ya posta miaka 31, na bado ninakusanya. Mwenzangu wa #2 amesema kweli kuhusu mchoro wa pamoja, ila ameusahau upande mmoja wa bahari. Zanzibar haikutumia mchoro huo. Ilichukua stempu zake za kawaida, zenye sura ya Sultani Khalifa bin Haroub, ikazipiga chapa juu kwa maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa hili ni toleo la ushindi la tarehe 8 Juni 1946, siku ya gwaride kubwa la London. Kwa hiyo palikuwa na njia ya kuukwepa mchoro wa pamoja, na njia yenyewe ilikuwa rahisi kuliko kuchora upya. Gharama peke yake haitoshi kuwa jibu.

Mtunza Bahasha, tafadhali tupigie picha upande wa nyuma wa bahasha hiyo. Wakusanyaji wengi wanatazama mbele tu.

#4 Bint Pangani

Ninamshukuru Mzee kwa mfano wa Zanzibar, ingawa unanipeleka kwingine kabisa. Zanzibar walikwepa mchoro wa pamoja wakaishia kwa Sultani. Bara walibaki na Mfalme. Kote kuwili mwenye kiti ndiye aliyepewa nafasi. Mimi ninaamini askari hakuwekwa kwa makusudi. Mwaka 1946 maelfu ya vijana walikuwa wakirejea makwao wakiwa wamejifunza kutumia bunduki, wakiwa wameona India na Burma, na wakiwa na maswali kuhusu malipo yao, kwa sababu malipo ya kuachishwa jeshi yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Serikali iliyompiga picha mtu wa namna hiyo na kuisambaza kila kijiji ingekuwa imeandika kwa mkono wake kwamba inadaiwa naye shukrani. Bunge la mawe halirudi kijijini kuuliza malipo yake.

#5 Sina Albamu

Nilikuwa sijui kwamba Bunge la London ndilo lililovuka Chindwin. Tunajifunza kila siku.

#6 Mwalimu wa Zamu

Kabla hatujafika mbali na nadharia ya Bint Pangani, tuwatazame Waingereza wenyewe. Mwezi Juni 1946 walitoa stempu zao mbili za ushindi, ya peni mbili na nusu na ya peni tatu. Hiyo ya peni tatu ina sura ya Mfalme, njiwa mwenye tawi la mzeituni, mwiko wa mwashi, bikari na pembemraba. Askari wao wa Normandy hayumo, rubani hayumo, baharia hayumo. India, iliyotoa askari zaidi ya milioni mbili, ilitoa stempu nne za ushindi mwezi Januari mwaka huohuo, na zote zina Mfalme. Ikiwa walimficha askari wa Keya kwa hofu, je, walimficha na kijana wa Yorkshire kwa hofu ileile? Mimi ninaona desturi hapa: stempu ya Kiingereza ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu aliye hai, naye ni mfalme, na vilivyobaki vilikuwa vitu na majengo.

Kwa wanaopenda udaku wa kistempu, bikari na mwiko vimewafanya watu wengi waseme kwamba mchoro ule una harufu ya Wamasoni, yaani Freemasons, hasa kwa kuwa George wa Sita alikuwa mwanachama wao. Wengine wanasema ni vifaa vya kujenga upya miji iliyobomolewa kwa mabomu, basi. Siingii humo.

#7 Bint Pangani

Mwalimu, desturi hiyo ya mfalme mmoja haikuzingatiwa katika himaya nzima. Kuanzia mwaka 1941 Afrika Kusini ilitoa mfululizo wa stempu za juhudi za vita, na ndani yake wamo askari wa miguu, nesi na gari la wagonjwa, rubani, baharia, mwanamke wa vikosi vya usaidizi, mzinga, kifaru, na hata fundi anayechomelea vyuma. Mfalme yuleyule, himaya ileile, vita vilevile. Hata hivyo, watu wote waliochorwa ni weupe, ilhali Waafrika Kusini weusi nao walihudumu katika vita hivyo bila kuruhusiwa kubeba bunduki. Kwa hiyo nauli ya kupanda kwenye stempu ilikuwepo. Tatizo lilikuwa nani anaruhusiwa kupanda.

#8 Hesabu Kwanza

Afrika Kusini ilikuwa dominioni iliyojitawala na kutoa stempu zake yenyewe. Tanganyika haikuwa hata na stempu za peke yake tangu mwaka 1935, ilipounganishwa na Kenya na Uganda. Na uliyoyataja yananirudisha kwenye hoja yangu: mwaka 1941 na 1942 vita viliharibu ugavi hivi kwamba sisi wenyewe tulitumia stempu za Afrika Kusini, zikiwa zimepigwa chapa juu kwa majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda na thamani mpya za senti 5, 10, 20 na 70. Posta inayoazima stempu za jirani haina nafasi ya kufikiria sanaa ya kumuenzi askari.

#9 Sina Albamu

Mwaka 1946 vita vilikuwa vimekwisha, mkuu. Huo ndio ushindi wenyewe tunaouzungumzia.

#10 Jirani wa Kariokor

Habari kutoka Nairobi. Ninaona mnasahau kwamba serikali hiyohiyo ilikwisha kumtengeneza askari, tena kwa shaba. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, ya kwetu hapa Kenyatta Avenue mwaka 1928, na zote mbili ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Ya kwetu ina watu watatu, mmoja wao akiwa mpagazi, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Kiswahili kimo katika maandishi hayo, pamoja na Kiarabu na Kiingereza. Kwa hiyo nadharia ya kwamba waliogopa kuonyesha Mwafrika mwenye bunduki haisimami vizuri, kwa sababu yule wa Dar es Salaam ameinyosha bunduki yake yenye singe mbele katikati ya mji mbele ya kila mpita njia.

Maelezo yangu ni tofauti. Sanamu zile ni za waliokufa, na waliokufa hawadai. Ninaishi jirani na soko la Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam, na wote tunajua kwamba mishahara ya wapagazi wengi wa vita vya kwanza haikuwafikia wenyewe wala warithi wao. Walipata sanamu. Mwaka 1946 askari wa Burma walikuwa hai, na aliye hai ukimsifu atakuuliza swali la pili.

#11 Bint Pangani

Jirani, umeipinga nadharia yangu kisha ukairudisha kwa mlango wa nyuma. Ahsante.

#12 Mwana Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Ninyi mnatafuta askari kwenye stempu za Waingereza, wakati sisi tunaye kwenye za Wabelgiji, tena kwa jina hilohilo. Katika mfululizo wa stempu za kawaida za Kongo ya Kibelgiji wa mwaka 1942 kuna michoro ya mchikichi, mwanamke, chui, okapi, na kuna askari wa Kiafrika ambaye katalogi zote zinamwita «askari». Ruanda-Urundi nayo ilikuwa na askari wake katika mfululizo wa wakati huohuo. Nina stempu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja wa albamu, na ukurasa huo ndio ninaouonyesha kwanza mgeni akija. Nadhani zilitolewa kwa heshima ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, baada ya kuwashinda Waitalia kule Abisinia.

#13 Hesabu Kwanza

Ninakuomba radhi, Mwana Bukavu, lakini umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya tatu. Mchikichi, chui, okapi, askari. Hizo ni stempu za matumizi ya kila siku, si za kumbukumbu, na askari amewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyopatikana nchini. Hakuna jina la vita juu yake, hakuna tarehe, hakuna neno la shukrani. Mimi huwa ninatenganisha stempu yenye askari na stempu ya kumuenzi askari, na kwenye albamu yangu ziko katika kurasa tofauti.

#14 Mwana Bukavu

Nimekubali nusu. Ni kweli kwamba stempu hazisemi chochote kuhusu Abisinia, na hilo nililiongeza kwa mapenzi yangu mwenyewe. Hata hivyo, mtoto aliyeona mwaka 1942 sura inayofanana na ya baba yake juu ya barua hakusoma katalogi kwanza ili ajue kama ni ya kumbukumbu. Na kama mnataka ya kumbukumbu kamili, tazameni Afrika Magharibi ya Kifaransa: mwaka 1957 ilitoa stempu ya karne moja ya vikosi vya Afrika, wale tirailleurs walioanzishwa Senegal mwaka 1857. Walisubiri miaka mia, lakini walipata.

#15 Mzee wa Mhuri

Mwalimu alisema stempu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja aliye hai. Ninaomba tusiichukulie kanuni hiyo kama msahafu, kwa sababu hata wenyewe waliiacha. Mwezi Januari 2000 Australia ilitoa stempu za Anzac wa mwisho, yaani wazee wa jeshi la Australia na New Zealand waliopigana Gallipoli mwaka 1915: Walter Parker, Roy Longmore na Alec Campbell, wote watatu wakiwa bado hai. Campbell alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 103. Fikiria mzee anaingia posta kununua stempu, na karani anamkatia sura yake mwenyewe! Mimi katika miaka yangu yote ya kaunta sikupata kumhudumia mtu wa namna hiyo, ila nilimhudumia mzee mmoja wa Keya aliyekuwa akija kila mwezi na kofia yake ya zamani, na kila mara aliniuliza kama imefika stempu «yenye watu wetu». Nilimwonyesha ndege, samaki, maua na viongozi. Alichagua samaki.

Mtunza Bahasha, upande wa nyuma.

#16 Msafiri wa Minnesota

Ninaandika kutoka Marekani, ambako mada hii ina mali nyingi kuliko albamu inavyoweza kubeba. Wamarekani hawakusubiri. Tarehe 11 Julai 1945, kabla Japani haijasalimu amri, walitoa stempu ya kijani ya senti 3 yenye wanajeshi wakisimamisha bendera Iwo Jima, kutokana na picha ya Joe Rosenthal ya mwezi Februari mwaka huo. Kati ya sita waliomo, watatu walikufa palepale kisiwani na watatu walikuwa hai stempu ilipotoka, jambo lililokwenda kinyume na desturi yao ya kutomweka aliye hai. Baadaye mwaka huohuo ikafuata ya jeshi la nchi kavu, ikionyesha vikosi vikipita mbele ya Arc de Triomphe mjini Paris, kisha ya jeshi la majini na ya walinzi wa pwani. Mwezi Mei 1946, miezi sita kabla ya ile ya babu wa mwenzetu, wakatoa ya maveterani wenyewe, yenye beji ya tai aliyopewa kila aliyeachishwa jeshi kwa heshima. Tai huyo alichongwa vibaya kiasi kwamba askari walimwita bata mwenye ngiri.

Stempu mbili ninazozipenda zaidi ni za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1949 walitoa ya mkutano wa mwisho wa maveterani wa Kaskazini, na mwaka 1951 ya mkutano wa mwisho wa maveterani wa Kusini. Michoro inakaribia kuwa mmoja: mzee mwenye ndevu, na nyuma yake kijana yuleyule enzi za vita. Ukiziweka pamoja, usiposoma maandishi utadhani walikuwa upande mmoja.

#17 Bint Pangani

Msafiri, na weusi wa huko walisubiri mpaka lini? Ninauliza kwa sababu ndilo swali letu hapa.

#18 Msafiri wa Minnesota

Umenishika pabaya, dada. Vikosi vya wapandafarasi weusi wa karne ya 19, maarufu kama Buffalo Soldiers, vilipata stempu mwaka 1994. Doris Miller, mhudumu wa mezani melini ambaye siku ya shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941 alishika bunduki ya kutungulia ndege bila kufundishwa, alipata yake mwaka 2010, zaidi ya miaka 66 baada ya kuuawa vitani. Wamarekani wenye asili ya Japani, waliopigana Ulaya huku familia zao zikiwa kambini nyuma ya seng'enge, walipata ya kwao mwaka 2021. Kwa hiyo wale waliokuwa kwenye ile ya Paris walipata mwaka huohuo wa ushindi, na hawa wengine wakapata wajukuu zao.

#19 Sina Albamu

Ninaomba kuuliza kitu ambacho si cha kisiasa. Kuna ile ya medali ya Purple Heart, ya waliojeruhiwa au kuuawa. Binamu yangu aliye huko amenitumia tano, na anadai ni tano tofauti. Mimi ninaona medali moja.

#20 Msafiri wa Minnesota

Binamu yako ni mkusanyaji wa kweli. Ilitoka mwaka 2003 kwa senti 37, na kila nauli ya barua ilipopanda ikarudiwa: senti 39 mwaka 2006, 41 mwaka 2007, 42 mwaka 2008 na 44 mwaka 2009. Baadaye ikaja isiyo na thamani ya namba, inayotumika siku zote. Medali ni ileile, nauli ndiyo mpya.

#21 Sina Albamu

Basi majeruhi ni mmoja na gharama ya matibabu inapanda kila mwaka. Nimeelewa.

#22 Dalali wa Makaratasi

Ninanunua na kuuza bahasha za zamani, kwa hiyo mniruhusu niongee kama mtu wa soko. Stempu ya ushindi ya senti 20, ikiwa imebanduliwa na kuwekwa peke yake, haina bei ya maana, kwa sababu zilichapishwa kwa wingi na wakusanyaji wa London walizinunua zikiwa safi. Na hapo ndipo penye jibu langu kwa swali la #1, ambalo hakuna aliyeligusa: stempu zile hazikulengwa kwa babu yako wala kwa aliyemwandikia. Zililengwa kwa mwenye albamu ya makoloni yote, aliyetaka ukurasa wenye safu zilizonyooka, mchoro mmoja, rangi nyingi. Askari wa Keya angeivunja safu.

Ukitaka stempu zenye harufu ya jeshi lenyewe, tafuta zilizopigwa chapa kwa ajili ya vikosi: zile za Nyasaland zenye herufi N.F. za mwaka 1916, zilizotumiwa na kikosi kilichoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani kutoka kusini, au zile za Uingereza zenye E.A.F. (East Africa Forces) za mwaka 1943, zilizotumika Somalia. Hazina picha ya askari, zina jina la jeshi lake. Ila uwe mwangalifu na N.F., kwa kuwa kupiga herufi mbili juu ya stempu ya kawaida ni kazi nyepesi kwa tapeli. Mimi niliwahi kulipa pesa ya mbuzi wawili kwa moja ambayo, nilipoiweka chini ya lenzi, wino wa herufi ulikuwa umekaa juu ya mhuri wa posta. Yaani barua ilisafiri kwanza, jeshi likafuata.

#23 Mwalimu wa Zamu

Hiyo ya wino juu ya mhuri nitaitumia darasani.

Ninarudi kwa Bint Pangani kwa uungwana, kwa sababu nimeifikiria hoja yake tangu jana. Ni kweli kwamba waliorudi hawakukaa kimya wote. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa koplo wa Keya Burma. Lakini tusimrudishe Itote wa miaka ya 1950 kwenye meza ya mchoraji wa mwaka 1946. Ili nadharia ya hofu isimame, inabidi kuwe na mtu aliyekaa London mwaka ule akisema «tusimweke askari kwa sababu atatusumbua». Mimi ninaona uwezekano mkubwa zaidi kwamba hakuna aliyemfikiria kabisa.

#24 Bint Pangani

Mwalimu, hilo la pili silioni kuwa jepesi kuliko la kwanza.

#25 Jirani wa Kariokor

Mimi nipo katikati. Waliomfikiria walikuwepo, kwa sababu askari wa Keya walipelekwa London kuandamana kwenye gwaride lilelile la tarehe 8 Juni ambalo Zanzibar iliiandika juu ya Sultani. Kwa hiyo siku hiyo askari aliuona mji wa lile jengo, na jengo likamwona. Miezi mitano baadaye stempu ikatoka na mmoja wao tu.

#26 Hesabu Kwanza

Na michoro ya stempu haichorwi ndani ya miezi mitano kwa makoloni arobaini. Ilikwisha kupangwa kabla ya gwaride. Ninarudia: kiwanda, ratiba, gharama.

#27 Mzee wa Mhuri

Kwa mara ya tatu na kwa heshima zote: upande wa nyuma wa bahasha.

#28 Mtunza Bahasha

Shikamoo Mzee, na unisamehe kwa kuchelewa. Bahasha iko kwa shangazi, na shangazi haikabidhi bila kunywa chai kwanza. Nimeweka picha za pande zote mbili.

Mbele kuna stempu ya Bunge, na mhuri wa Tukuyu wa Januari 1947. Nyuma kuna mihuri miwili ambayo sikuwahi kuitazama kwa makini: mmoja ni wa Iringa, mwingine ni wa Songea, na tarehe ya Songea ni siku 19 baada ya ile ya Tukuyu. Anwani imeandikwa kwa penseli ya buluu. Kwanza liliandikwa jina la babu na mahali alipodhaniwa kuwa amepata kazi, kisha likakatwa mstari na mkono mwingine ukaandika Songea. Mkato huo haukugusa cheo. Mbele ya jina limebaki neno Koplo, ingawa wakati huo alikuwa ameachishwa jeshi kwa karibu mwaka mzima.

Ndani kuna barua fupi ya kaka yake inayohusu ndama na bati za nyumba. Vita havikutajwa.

#29 Dalali wa Makaratasi

Kwa mihuri hiyo ya nyuma na anwani iliyobadilishwa, sasa tunaweza kuzungumza bei.

#30 Mzee wa Mhuri

Marahaba, mwanangu. Haiuzwi hiyo, na Dalali anajua.

Aliyeikata anwani ni karani wa Iringa, na mwandiko wa namna hiyo ninaujua, kwa sababu tulifundishwa kuacha cheo cha mtu kama kilivyoandikwa na kubadilisha mahali tu. Iweke kwenye mfuko wa karatasi usio na tindikali, mbali na jua na mbali na lile kopo la biskuti, kwa kuwa naona kutu imeshaanza kwenye pembe ya kushoto. Na tafadhali usiloweke stempu kuibandua. Je, shangazi ana bahasha nyingine za babu?

#31 Mtunza Bahasha

Alikuwa nazo kumi na moja. Mwaka 1998 mimi mwenyewe, nikiwa darasa la tano na albamu yangu ya kwanza, nilizikata stempu zote kwa mkasi na bahasha nikawashia jiko. Hii moja ilinusurika kwa sababu ilikuwa na barua ndani.